Shampuu ya Kuondoa Mabaki kwa Nywele Zilizotiwa Rangi: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Rafuni

Mtu aliyetia nywele zake rangi anapotafuta shampuu ya kuondoa mabaki hukutana na chupa zinazoahidi mambo mawili yanayovutana: kusafisha unywele mpaka pasibaki kitu, na papo hapo kutoigusa rangi. Hakuna chupa inayotimiza ahadi zote mbili kikamilifu. Kila kinachosafisha huondoka na kiasi fulani cha rangi, na hata maji matupu hufanya hivyo, hasa pale rangi yenyewe ilipokaa juu juu. Swali la kujiuliza dukani, basi, si shampuu ipi haiondoi rangi kabisa, bali ni ipi inaondoa uchafu uliopo kichwani mwako kwa nguvu ndogo kuliko zote zinazotosha. Mpangilio wa mwongozo huu umefuata kigezo hicho kimoja, na ndiyo maana baadhi ya shampuu zenye sifa kubwa ya kusafisha zimeshushwa chini.

Kwanza ujue unachotaka kuondoa

Mabaki ni ya aina mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakowafanya wanunuzi wengi warudi nyumbani na chupa isiyowafaa. Aina ya kwanza ni utando wa vitu tunavyopaka wenyewe: mafuta, jeli, nta, spreyi, unga wa shampuu kavu, silikoni zilizomo katika kondishena, na zile polima ambazo majina yake kwenye lebo huanza na Polyquaternium. Polima hizi zina chaji chanya, na kwa kuwa unywele ulioharibika una chaji hasi, huung'ang'ania kuliko zinavyoung'ang'ania unywele mzima. Nywele zenye utando wa aina hii huwa nzito, hulala, huchelewa kulowa, na chochote kipya kinachopakwa hubaki juu kikinata.

Aina ya pili ni madini yanayoletwa na maji yenyewe. Maji magumu huacha kalsiamu na magnesiamu. Visima na mabomba yenye kutu huleta chuma. Mabomba ya shaba, pamoja na dawa za kuulia mwani katika mabwawa ya kuogelea, huleta shaba. Nywele zilizolimbikiza madini hukwaruza mkononi hata zikiwa zimeoshwa vizuri, hupoteza mng'ao, na rangi yake huanza kwenda kusikotarajiwa, kwa mfano blondi kuingia manjano chafu au kahawia kupata wekundu wa kutu. Hapa inafaa kusahihisha dhana iliyoenea: ule ukijani unaoonekana kwenye nywele za blondi baada ya kuogelea hauletwi na klorini bali na shaba. Klorini huchangia kwa kuioksidisha shaba hiyo, lakini bwawa lisilo na shaba haligeuzi nywele za mtu kuwa kijani.

Kabla ya kununua chochote, kwa hiyo, chunguza maji unayooshea. Birika la kuchemshia maji likiota magamba meupe kwa ndani, na sabuni ya kipande ikikataa kutoa povu na badala yake kuacha utando unaoelea, una maji magumu. Anayeweza kupata taarifa ya vipimo atazame kiwango cha kalsiamu kabonati: hadi miligramu 60 kwa lita maji huhesabiwa kuwa laini, 61 hadi 120 ni magumu kiasi, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Mtu anayeoshea maji laini na asiyeogelea kwenye bwawa hana sababu ya kulipia shampuu ya madini, hata kama chupa yake ni nzuri namna gani.

Kwa nywele zilizotiwa rangi suala la madini lina uzito wa pekee. Rangi ya kudumu hufanya kazi kwa amonia, au kiambato kingine cha alkali, kinachouvimbisha unywele, pamoja na haidrojeni peroksaidi inayoziunganisha molekuli ndogo za rangi kuwa kubwa zikiwa ndani ya unywele. Katika mchakato huo tabaka jembamba la asidi ya mafuta linaloufunika unywele wa asili, ambalo wanakemia huliita 18-MEA, huondolewa. Unywele uliokuwa ukiyakataa maji sasa huyapokea, na pamoja na maji hupokea kila kilichoyeyuka ndani yake. Nywele zilizopigwa blichi hupatwa na hali hii zaidi ya zote. Tunapata, basi, unywele unaokusanya madini kwa urahisi zaidi huku uwezo wake wa kuvumilia visafishi vikali ukiwa umepungua, na mtu akishalielewa hili atajua kwa nini nimeweka kinasa madini, yaani kiambato kinachoyashika madini na kuyabeba na maji, mbele ya povu.

Aina ya rangi hubadilisha hesabu

Rangi ya kudumu iliyoingia ndani ya unywele huvumilia shampuu ya kuondoa mabaki mara moja moja bila hasara kubwa, isipokuwa nyekundu, ambayo hufifia haraka kuliko rangi nyingine kwa namna yoyote utakayoiosha. Rangi isiyotumia amonia na yenye peroksaidi kidogo, ile ambayo wasusi huitumia kufunika mvi chache au kuongeza mng'ao, huondoka mapema zaidi. Tona inayopakwa baada ya blichi mara nyingi ni ya kundi hilohilo, na ndiyo ya kwanza kuondoka; mtu aliyelipia blondi yenye ubaridi wa fedha anaweza kuipoteza kwa kuosha mara moja tu kwa shampuu kali, akabaki na manjano ya blichi. Shampuu ya zambarau, ile ya kupunguza umanjano wa blondi, nayo huacha chembe za rangi juu ya unywele, na chembe hizo hung'oka pamoja na mabaki, kwa hiyo anayeitumia aipange baada ya kuondoa mabaki, si kabla.

Rangi za moja kwa moja, yaani zile za buluu, waridi, kijani na zambarau zisizochanganywa na peroksaidi, hazina kinga yoyote ya maana. Kwa mwenye rangi hizi ushauri wangu ni kutonunua shampuu hii kabisa mpaka atakapotaka kuipunguza rangi aliyonayo ili apake nyingine, na wakati huo shampuu kali inakuwa chombo cha kazi badala ya adui. Hina ya asili iko upande wa pili kabisa: kiini chake cha rangi, losoni, hujifunga kwenye keratini ya unywele na hakitishwi na kuosha mara moja. Lakini bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina la hina nyeusi zimechanganywa na rangi za kemikali, na hizo zihesabiwe kulingana na kilichomo.

Nyuma ya chupa kuna habari kuliko mbele

Maneno yanayosema kwamba shampuu ni salama kwa rangi hayana kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. Kila mmoja hupima kwa njia yake na kuandika anavyoona. Yanayoaminika zaidi ni maandishi madogo ya nyuma, ambako viambato hupangwa kuanzia kile kilicho kingi. Kanuni hiyo, inayofuatwa katika Umoja wa Ulaya na Marekani, inaishia kwenye viambato vya asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo huweza kuandikwa kwa mpangilio wowote.

Jambo hili dogo lina faida kubwa kwa mnunuzi. Karibu kila shampuu ya kawaida ina Disodium EDTA au Tetrasodium EDTA mwishoni mwa orodha, katika kiasi kidogo sana kinachosaidia vihifadhi kufanya kazi, na kiasi hicho hakitoshi kung'oa madini kwenye nywele. Shampuu iliyotengenezwa kweli kwa ajili ya madini huwa na kinasa madini kilichopanda juu, kabla ya neno Parfum (manukato) na kabla ya vihifadhi, na mara nyingi vinakuwa viwili au vitatu. Mbali na EDTA, majina ya kutafuta ni Tetrasodium Glutamate Diacetate, Trisodium Ethylenediamine Disuccinate, Phytic Acid na Sodium Gluconate. Citric Acid pia hunasa madini, lakini kwa udhaifu, na mara nyingi imewekwa pale kurekebisha pH tu, yaani kipimo cha asidi na alkali.

Baada ya vinasa madini, tazama visafishi, ambavyo hufuata mara tu baada ya maji. Sodium Lauryl Sulfate na Ammonium Lauryl Sulfate ndivyo vikali zaidi. Sodium Laureth Sulfate, ambayo jina lake linakaribia sana la kwanza, ni laini kuliko hiyo, na ikichanganywa na Cocamidopropyl Betaine hulainika zaidi. Chini yake zipo Sodium Cocoyl Isethionate, Sodium Lauroyl Methyl Isethionate na Disodium Laureth Sulfosuccinate. Sasa tahadhari: Sodium C14-16 Olefin Sulfonate si salfeti, kwa hiyo chupa inayoibeba ina haki ya kuandikwa kwamba haina salfeti, lakini nguvu yake ya kusafisha inakaribia ile ya salfeti zenyewe. Wanunuzi wengi wenye rangi huinunua wakidhani wamechukua kilicho laini. Kinyume chake pia ni kweli, kwani shampuu yenye Sodium Laureth Sulfate iliyosawazishwa vizuri inaweza kuwa mpole kuliko ile isiyo na salfeti lakini iliyotengenezwa ovyo. Neno lililoandikwa mbele, peke yake, halitoshi kuamua.

Jambo la mwisho la kuangalia ni pH, ikiwa imetajwa. Ngozi ya kichwa ina pH ya karibu 5.5 na unywele wenyewe karibu 3.7. Shampuu inayozidi hapo sana huongeza chaji hasi ya unywele, magamba yake huinuka, msuguano huongezeka na rangi hupata njia ya kutoka. Kwa nywele zenye rangi ningetafuta iliyo kati ya 4.5 na 5.5, na kama mtengenezaji hakuitaja, karatasi za kupimia pH si ghali na hutoa jibu mara moja.

Nafasi ya kwanza: shampuu ya kunasa madini yenye visafishi vya wastani

Kwa watu wengi wenye nywele zilizotiwa rangi na wanaooshea maji magumu, hii ndiyo ya kununua. Inafanya kazi kwa kuzishika chembe za kalsiamu, shaba na chuma na kuzibeba na maji, badala ya kutegemea nguvu ya sabuni, kwa hiyo huondoa kile kinachoifubaza rangi bila kulazimika kuikwangua. Mara nyingi mtu anayelalamika kwamba rangi yake imefifia bado anayo rangi hiyo chini ya ukungu wa madini, na kuosha mara moja kwa shampuu ya aina hii humwonyesha hivyo.

Katika kundi hili, Olaplex No. 4C imekusudiwa kuondoa utando pamoja na madini ya maji magumu, na mtengenezaji wake anaielekeza pia kwa nywele zenye rangi, ndiyo maana ningeitaja kwanza kwa mtu anayetaka chupa moja ifanye kazi zote mbili. Malibu C Hard Water Wellness imejikita kwenye madini hasa, na inamfaa zaidi mwenye maji ya kisima. L'Oréal Professionnel ina mfululizo wa Metal Detox, uliotoka mwaka 2021, ambao lengo lake ni shaba iliyoingia ndani ya unywele. Huo una maana zaidi kwa mtu anayepigwa blichi au kutiwa rangi mara kwa mara, kwa sababu shaba huichochea haidrojeni peroksaidi ivunjike ovyo wakati wa kutia rangi, ikazalisha chembe haribifu zinazoudhoofisha unywele na kufanya matokeo ya rangi yasitabirike.

Kasoro ya kundi hili ni kwamba huacha nywele zikiwa kavu kuliko mtu anavyotegemea kwa jinsi ilivyo na povu la upole. Vinasa madini havichagui sana, na unywele uliotoka kuvuliwa kalsiamu hauna tena ule ugumu ambao mwenyewe alishauzoea akauona kama unene. Kondishena nzito baada yake ni lazima. Isitoshe, bei yake huwa juu ya nyingine zote zilizotajwa hapa, na anayeoshea maji laini atakuwa amelipia kisichomhusu.

Nafasi ya pili: shampuu ya kuondoa utando isiyo na salfeti, isiyojali madini

Hii ndiyo ya kwanza kwa mwenye maji laini anayetumia jeli, mafuta na krimu kwa wingi. Tafuta isethionate au sulfosuccinate juu ya orodha, betaine pembeni yake, na kusiwe na silikoni wala Polyquaternium ndani ya shampuu yenyewe, kwa kuwa shampuu ya kuondoa mabaki inayoacha mabaki mapya haina maana. Hilo la mwisho linashangaza, lakini zipo chupa nyingi za namna hiyo, kwani mtengenezaji hutaka nywele ziwe laini mkononi mara baada ya kuoshwa.

Wengi hudai kwamba silikoni haziondoki bila salfeti. Dai hilo limetiwa chumvi. Visafishi vya wastani huondoa sehemu kubwa ya dimethicone, hasa ukipaka mara mbili na kuliacha povu la pili likae dakika moja au mbili kabla ya kusuuza. Zinazosumbua kweli ni amodimethicone, iliyoundwa ijishike mahali palipoharibika, na polima zile zenye chaji chanya. Hizo huweza kuhitaji kuosha zaidi ya mara moja, lakini kurudia kwa upole kuna hasara ndogo kwa rangi kuliko kuosha kwa ukali.

Wenye nywele za kipilipili au za mawimbi yaliyojikunja, ambazo kwa asili mafuta ya kichwani hayafiki kwenye ncha, waanzie hapa hata kama maji yao ni magumu kiasi, na wapande kwenye nafasi ya kwanza pale tu wanapoona dalili za madini. Walioweka relaksa na rangi kwa pamoja wawe waangalifu maradufu, kwa sababu unywele wao umepitia kemikali mbili zinazodhoofisha. Wasichanganye pia shampuu hii na ile ya kusawazisha baada ya relaksa: hiyo ni ya kuondoa alkali iliyobaki na kuirudisha pH chini, nayo mara nyingi hubadilika rangi ya povu kuonyesha kwamba dawa bado ipo, na haikutengenezwa kwa ajili ya kuondoa utando.

Nafasi ya tatu: shampuu za waogeleaji

Kwa anayeogelea kila wiki hii ingepanda mpaka kileleni, lakini kwa wengine ni matumizi yasiyo na sababu. Zina vinasa madini kwa ajili ya shaba, na baadhi zina sodiamu thayosalfeti au vitamini C ya kuizimua klorini. Paul Mitchell Shampoo Three ni mfano unaojulikana wa kundi hili. Mwenye rangi ya moja kwa moja azikwepe zile zenye vitamini C nyingi, kwa sababu vitamini hiyo huisukuma rangi itoke. Wapo wanaoitumia makusudi kwa kazi hiyo. Kulowesha nywele kwa maji safi na kuzipaka kondishena kabla ya kuingia bwawani, kisha kuvaa kofia, hupunguza sana haja ya kununua chupa hii.

Nafasi ya nne: shampuu za kale zenye salfeti kali

Hizi ndizo rahisi kupatikana, ndizo nafuu, na ndizo zinazosafisha kuliko zote. Nimeziweka hapa kwa sababu kwa nywele zilizotiwa rangi zina wakati mmoja tu wa kufaa: siku moja au mbili kabla ya kutia rangi upya. Wakati huo kupungua kwa rangi ya zamani hakuna hasara, na unywele usio na utando huipokea rangi mpya kwa usawa kuanzia mizizi hadi ncha. Baadhi ya watengenezaji wa kundi hili huandika wenyewe kwamba bidhaa yao haipendekezwi kwa nywele zenye rangi, na onyo kama hilo, linalompunguzia mtengenezaji wateja, ni la kuaminiwa kuliko sifa zote zilizoandikwa mbele.

Aliyefanyiwa matibabu ya keratini ya kunyoosha nywele asizitumie hata katika wakati huo, kwani hufupisha muda wa matibabu hayo.

Nafasi ya tano: siki, mkaa na chumvi

Siki ya tufaha iliyochanganywa na maji mengi hulaza magamba ya unywele na kuyeyusha sehemu ya utando wa kalsiamu, kwa hiyo nywele hung'aa. Haiondoi mafuta wala silikoni, na shampuu nyingi zenye picha ya tufaha mbele zina siki kidogo tu mwishoni mwa orodha, huku kazi yote ikifanywa na visafishi vya kawaida. Isomwe kama shampuu nyingine yoyote, na siki isiongeze bei.

Shampuu za mkaa sizioni kuwa na faida ya ziada kwa nywele zenye rangi. Mkaa hukaa kichwani kwa dakika chache ukiwa umezingirwa na povu, na kinachosafisha ni povu hilo. Zile za chembe za chumvi au sukari zinaweza kufaa kwa ngozi ya kichwa yenye magamba, mradi zisisuguliwe kwenye urefu wa nywele, ambako hukwaruza magamba ya unywele na kuitoa rangi.

Visivyostahili nafasi

Sabuni ya kuoshea vyombo imetengenezwa kung'oa mafuta yaliyoganda kwenye sufuria, na hakuna kilichowekwa ndani yake kwa ajili ya kuulinda unywele. Magadi soda yana pH ya zaidi ya 8, na sabuni ya kipande huwa kati ya 9 na 10. Vyote viwili huinua magamba ya unywele, na sabuni hiyo ikikutana na maji magumu hutengeneza utando ulioshikamana kuliko ule uliotaka kuuondoa. Shampuu za mba nazo hazikutengenezwa kwa kazi hii, na zile zenye selenium sulfide zinaweza kuibadilisha rangi ya nywele zilizopigwa blichi au kutiwa rangi.

Wakati wa kuitumia na kiasi cha kununua

Baada ya kutia rangi, wasusi kwa kawaida hushauri kusubiri saa 72 kabla ya kuosha kwa shampuu yoyote. Kwa shampuu ya kuondoa mabaki ningengoja angalau wiki mbili, na zaidi ya hapo kwa nyekundu. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inawatosha wengi. Anayetumia jeli kila siku au kuogelea anaweza kufika kila wiki mbili, na mwenye nywele kavu za kipilipili akakaa wiki sita hadi nane bila tatizo. Kabla ya kuipaka kichwa kizima, osha kishungi kidogo cha nyuma ya sikio, ukikaushe kwa taulo jeupe, kisha ukilinganishe na nywele za jirani: doa jepesi kwenye taulo si la kutisha, lakini kishungi kikiwa kimepauka waziwazi, chupa hiyo ibaki kwa siku ya kutia rangi upya. Tumia maji ya uvuguvugu, paka ngozi ya kichwa kwanza na uliache povu literemke lenyewe kwenye ncha. Ncha zilizopauka sana unaweza kuzitangulizia kondishena kidogo ili zisichukue nguvu yote ya shampuu.

Kuhusu ukubwa wa chupa, hesabu ni rahisi. Kuosha mara moja huhitaji takriban mililita 15, kwa hiyo chupa ya mililita 250 inayotumika mara moja kwa mwezi itadumu miezi kumi na sita, ilhali alama ya kopo lililofunguliwa iliyochapwa nyuma ya chupa nyingi husema 12M, yaani itumike ndani ya miezi kumi na miwili baada ya kufunguliwa. Chupa ya mililita 100 inatosha nusu mwaka na haitaharibika, hata kama kila mililita yake inagharimu zaidi. Familia yenye watu watatu wanaotia rangi ndiyo yenye sababu ya kuchukua chupa kubwa. Na kwa mtu anayesumbuliwa na madini mara mbili au tatu tu kwa mwaka, pengine baada ya kuogelea akiwa likizoni, pakiti za unga za kutumia mara moja, ambazo Malibu C ni miongoni mwa wanaoziuza, huenda zikamgharimu kidogo kuliko chupa nzima ya shampuu ya madini.